Kiti cha Mgeni: Tarehe ya Chakula cha Mchana cha Vyama vya Hisani

Methali yetu isemayo mgeni njoo mwenyeji apone aghalabu hutajwa kwa furaha ya karamu, kuku amekwisha chinjwa na watoto wa nyumba wamekwisha jua kuwa leo nao watapata kipande kwa baraka ya mtu aliyebisha hodi. Walakini ndani ya methali hiyo mna maana nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni kwamba mwenyeji huweza kuwa na maradhi asiyoyajua, na dawa ya maradhi yale ikawa imefungwa katika kitambaa cha msafiri asiye wa nyumba ile wala wa mtaa ule. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyonishika nilipokuwa nikiifuatilia tarehe ya vyama vya hisani vya mijini, yaani Rotary, Lions na wenzao, ambavyo wanachama wake hukutana kwa siku maalumu, na Rotary kwa desturi yake ya asili kila wiki, hula pamoja chakula cha mchana, husikiliza matangazo ya katibu, kisha humpa mgeni dakika 20 au 30 asimame awaeleze jambo, na jambo lenyewe mara nyingi huwa ni dhiki ya watu wasiokuwamo katika chumba kile. Wengi huidhani sehemu hiyo ya mgeni kuwa ni kiburudisho cha masikio kabla ya kurudi kazini. Mimi nadai kuwa ndiyo iliyovifanya vyama hivi viwe vilivyo, na kwamba lau kiti kile kimoja kisingaliachwa wazi kwa ajili ya mtu wa nje, vingalikufa zamani kama vilivyokufa vyama vingi vya wafanyabiashara ambavyo leo hata majina yake hayakumbukwi.

Chanzo cha habari hii ni Chicago, na mtu wake wa kwanza ni wakili aitwaye Paul Harris. Alizaliwa Racine, katika jimbo la Wisconsin, mwaka 1868, akalelewa na babu na bibi yake katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, mahali ambapo watu walijuana kwa majina na kwa shida zao. Alipohamia Chicago mwaka 1896 kufungua ofisi ya uwakili alikuta halaiki ya watu na uchache wa marafiki, na katika maandishi yake ya baadaye akakiri kuwa siku zilizomlemea zaidi zilikuwa ni Jumapili na sikukuu, siku ambazo mtu mwenye kwao huwa kwao. Jioni ya tarehe 23 Februari 1905 akakutana na wenzake watatu, Gustavus Loehr mhandisi wa migodi, Silvester Schiele mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey fundi wa kushona nguo, katika ofisi ya Loehr, chumba nambari 711 cha jumba lililoitwa Unity katika mtaa wa Dearborn. Wakaafikiana kuwa mkutano uwe unazunguka, leo kwa huyu na safari ijayo kwa yule, na kwa mzunguko huo chama kikapata jina lake la Rotary, na baadaye alama yake ya gurudumu.

Haifai kumvika marehemu kanzu ambayo hakuivaa. Chama kile hakikuzaliwa kwa ajili ya maskini. Kilizaliwa kwa ajili ya upweke wa wanachama wenyewe, na pamoja na upweke huo kulikuwa na tamaa ya halali ya biashara: kila kazi ilitoa mtu mmoja tu, ili pasiwe na mashindano mezani, na mwenye makaa alitarajiwa kushonesha suti kwa fundi wa chama, naye fundi alitarajiwa kununua makaa kwa mwenzake. Ulikuwapo hata wadhifa wa mtu wa kuandika hesabu za manufaa ambayo wanachama walipatiana wao kwa wao. Nipe nikupe, basi. Sisemi kuwa ni dhambi, kwa kuwa hata sokoni Mombasa na Unguja watu wa ukoo mmoja au wa msikiti mmoja hununua kwa ndugu yao kwanza, lakini jambo la namna hiyo halina sababu ya kuandikiwa tarehe.

Aliyeligeuza ni mtu aliyealikwa akakataa kuingia. Mwaka 1906 mwanachama mmoja, Frederick Tweed, alimwendea wakili wa hataza aitwaye Donald Carter, akamsomea katiba na kumsifia manufaa ya chama. Carter akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza chama hiki kina faida gani kwa mtu asiye mwanachama. Jibu halikuwapo. Akasema kwamba chama kisichokuwa na kheri kwa mtu yeyote ila watu wake hakina maisha marefu, naye hangependa kuingia humo. Ningependa msomaji atue hapa kidogo, kwa sababu katika vyama vingi ninavyovijua mtu wa namna ile angalipewa mkono wa kwaheri na jina lake likafutwa katika daftari la wanaoalikwa. Hao wa Chicago walifanya kinyume. Walimrudia, wakamwomba aingie na asaidie kuibadili katiba, na katika mwaka ule ule likaongezwa dhumuni la tatu, la kuitumikia heri ya mji wa Chicago na kuamsha mapenzi ya raia kwa mji wao. Mgeni alikuja, na mwenyeji akaanza kupona.

Kazi ya kwanza iliyotokana na kifungu hicho kipya haikuwa na fahari ya kupigiwa tarumbeta. Mwaka 1907 chama kiliwashika mkono wengine katika mji kudai vyoo vya umma katikati ya Chicago, ambako mkulima aliyeleta mazao au mama aliyefuata mahitaji hakuwa na mahali pa kujisitiri ila katika baa au katika maduka makubwa. Wenye viwanda vya pombe walipinga, na wenye maduka walipinga, kwa kuwa kila aliyeingia kwao kwa haja hiyo huenda akanunua kitu. Ilichukua miaka miwili kushinda. Napenda sana kwamba hisani ya chama hiki ilianzia chooni na haikuanzia katika sanamu ya shaba, maana mtu hujulikana ana huruma ya kweli anapoikumbuka haja ambayo wenye adabu huona haya kuitaja.

Hadi wakati huo mikutano haikuwa ya kila wiki. Chicago walikutana mara moja katika wiki mbili, jioni. Desturi ya kukutana kila wiki ilianzia pwani ya magharibi, kwa chama cha Oakland, California, kilichoanza mwaka 1909, nacho kikachagua saa ya chakula cha mchana, na kutoka huko desturi ikaenea kama moto wa makuti. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: mwenye duka au wakili hula mchana hata asipokuwa na chama, na saa ile hanyang'anywi mtu, si mke wala watoto, ila karani anayemsubiri saa saba na nusu. Ndipo zikazaliwa taratibu ambazo mpaka leo mtu aingiaye katika mkutano wa namna hii, awe Kampala au Kansas City, huzitambua: kengele ndogo na nyundo mbele ya mwenyekiti, kitambulisho cha jina kifuani, kuitana kwa jina la kwanza bila ya vyeo, faini ndogo kwa makosa madogo, na daftari la mahudhurio linaloangaliwa kwa ukali kama la shule. Aliyekosa mikutano minne mfululizo bila ya udhuru alikuwa amejiondoa mwenyewe, ila kama amekwenda kuhudhuria katika chama cha mji mwingine akafidia. Nyimbo nazo ziliingia mapema, kwa mkono wa Harry Ruggles, mpiga chapa, ambaye mkutano ulipopooza alisimama juu ya kiti akawaimbisha wenzake.

Sasa msomaji na azingatie jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo siri ya habari yote. Chama kinachokutana mara nne kwa mwaka huweza kujilisha kwa maneno yake mwenyewe. Chama kinachokutana mara 50 kwa mwaka hakiwezi. Hapo mwanzo wanachama walizungumza juu ya kazi zao, mwenye makaa akaeleza makaa na mwenye chapa akaeleza chapa, lakini kisima hicho kilikauka upesi, na kamati ya programu ikabaki na hofu ya kila Jumatatu: nani atasema wiki hii? Hofu hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Wakaitwa madaktari, walimu wakuu, wakuu wa polisi, wasafiri waliotoka Uchina, na pamoja nao wakaingia watu ambao hapo kabla wasingalipita hata katika ukumbi wa hoteli ile: mama mlezi wa nyumba ya mayatima, mwalimu wa viziwi, daktari wa kifua kikuu. Haikuwa huruma iliyowaita kwanza. Ilikuwa ni njaa ya maneno. Huruma ilikuja baada ya kusikia, kama ambavyo mvua huja baada ya wingu, na si kabla.

Katika jimbo la Ohio kuna mji mdogo uitwao Elyria, si mbali na ziwa Erie, na huko aliishi mfanyabiashara wa mbao aitwaye Edgar Allen. Mwaka 1907, siku ambayo Wamarekani huwakumbuka wafu wao wa vita, tramu ziligongana katika mji ule, na miongoni mwa waliokufa alikuwa Homer, mwana wa Allen. Elyria haikuwa na hospitali. Baba akabaki na lile swali ambalo kila mzazi aliyezika huweza kulijua, la kwamba je, lau pangalikuwapo na kitanda na daktari karibu. Hakulijibu kwa machozi peke yake. Alikusanya fedha kwa wenziwe, na mwaka 1908 Elyria ikapata hospitali yake. Lakini ndani ya hospitali ile Allen alikutana na jambo ambalo hakulitazamia, nalo ni watoto wenye ulemavu wa viungo, waliokuwa wamefichwa vyumba vya nyuma kwa miaka, wengine kwa aibu ya wazazi na wengine kwa umaskini, na ambao madaktari walisema kuwa wengi wao wangeweza kusimama na kutembea laiti wangaliletwa mapema. Mwaka 1915 ikafunguliwa huko huko hospitali ya watoto hao peke yao.

Hapo Allen akatambua kuwa hospitali moja ni kikombe, na kiu ni ya jimbo zima. Alikuwa mtu wa biashara, akafahamu kuwa biashara ya namna ile haiuzwi kwa barua. Akaacha kazi yake, akaanza kusafiri mji kwa mji, na mahali alipopatafuta ni pale pale palipokuwa na kiti kitupu kila wiki, meza ya chakula cha mchana ya Rotary. Alisimama baada ya sahani kuondolewa, akawaambia wenye maduka na wenye benki habari ya watoto waliomo katika mji wao wenyewe, mtaa wa tatu kutoka hoteli ile, ambao hawajapata kuliona jua. Mwaka 1919 kikaundwa Ohio chama cha kuwahudumia watoto hao, na katika miaka michache kikakua kuwa chama cha nchi nzima, kisha cha nchi nyingi, na Paul Harris mwenyewe, yule wakili mpweke wa Chicago, akakubali kuwa mwenyekiti wake. Tangu mwaka 1934 chama hicho kikauza stempu za hisani wakati wa Pasaka, na kwa stempu hizo kikajulikana baadaye kwa jina la Easter Seals. Allen alifariki mwaka 1937. Watoto walimwita Daddy, yaani Baba, na kwa mtu aliyezika mwana sidhani kuwa palikuwa na cheo kilichompendeza zaidi.

Nimekaa sana juu ya mtu huyu kwa sababu jina lake halitajwi sana, na kwa sababu anatuonyesha mgeni msemaji ni nani hasa. Hakuwa hatibu wa kukodiwa wala mcheshi wa mezani. Alikuwa mtu mwenye jambo lililomchoma, akatafuta mahali watu wanaposikiliza.

Wakati huo huo vyama vingine vya namna hii vilikuwa vimechipuka. Kiwanis kilianza Detroit mwaka 1915. Lions kilianza Chicago kwa jitihada ya Melvin Jones, wakala wa bima, ambaye alikuwa katibu wa jamii ya wafanyabiashara iliyokuwa ikila pamoja chakula cha mchana kwa madhumuni yale yale ya kupeana biashara, naye akachoshwa na madhumuni hayo kama Carter alivyochoshwa nayo kabla yake. Tarehe 7 Juni 1917 akawakutanisha wajumbe wa vyama kadha katika hoteli ya LaSalle, na Oktoba ya mwaka ule, katika mkutano mkuu wa Dallas, Texas, wakaandika katika sheria zao kuwa hakuna chama cha Lions kitakachokuwa na faida ya fedha ya wanachama wake kama lengo. Kifungu hicho ni kizuri, lakini kinasema jambo la kutofanya. Jambo la kufanya walikuwa bado hawajapewa. Kwa miaka minane chama hiki kilikua kwa idadi, kikisaidia hapa na pale, bila ya kuwa na mzigo wake hasa.

Mzigo wake kilipewa na mgeni. Tarehe 30 Juni 1925, katika mkutano mkuu wa Lions uliofanyika Cedar Point, rasi ya mapumziko iliyo kando ya ziwa Erie karibu na mji wa Sandusky, katika Ohio ile ile ya Allen, alisimama mbele ya hadhira ya wanaume mwanamke aliyekuwa ametimiza miaka 45 siku tatu kabla. Ni Helen Keller, aliyezaliwa Tuscumbia, Alabama, ambaye homa ilimnyang'anya macho na masikio akiwa na miezi 19, akaishi katika giza na kimya hadi mwaka 1887 alipojiwa na mwalimu wake Anne Sullivan, ambaye kwa kuandika herufi kwa vidole katika kiganja chake alimrudisha katika jamaa ya wanadamu. Mwaka 1904 alihitimu chuo cha Radcliffe. Alipofika Cedar Point alikuwa akifanya kazi kwa ajili ya taasisi ya vipofu ya Marekani, akizunguka nchi kuichangia, na alikuwa amekwisha simama mbele ya makutaniko mengi.

Hotuba yake ilikuwa fupi, ya dakika chache tu. Aliwakumbusha hadithi ya bahati, kwamba hubisha hodi katika kila mlango mara moja tu, na asipofunguliwa hupita asirudi. Kisha akawaambia kuwa yeye ndiye bahati yao, na kwamba anabisha mlangoni mwao. Akawaomba wajifikirie ghafla wamepofuka, wakipapasa mchana kama usiku, kazi imewatoka na uhuru umewatoka. Hakuomba machozi, aliomba wawe mashujaa wa vipofu katika vita vya kupigana na giza, wahakikishe kuwa hakuna kipofu asiyesaidiwa wala mtoto asiyesomeshwa, na akasisitiza kwamba sehemu kubwa ya upofu inaweza kuzuiwa. Neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, kwa maana sadaka humpa mtu riziki ya leo, lakini kinga humwachia macho yake.

Lions walikubali, na kazi ya macho ikawa ndiyo kazi yao kuu mpaka hivi leo. Mwaka 1930, katika mji wa Peoria, Illinois, mwanachama aitwaye George Bonham alimwona kipofu akijaribu kuvuka njia na bakora nyeusi ambayo wenye magari hawakuweza kuiona, akashauri bakora ipakwe rangi nyeupe na kuzungushiwa ukanda mwekundu, na kabla mwaka haujaisha baraza la mji likapitisha sheria ya kumpa njia mwenye bakora nyeupe. Haki inatutaka tuseme kuwa Uingereza, katika mji wa Bristol, James Biggs aliyepoteza macho alikuwa amekwisha ipaka bakora yake rangi hiyo mwaka 1921. Lakini kilichoifanya bakora nyeupe iwe alama ya nchi nzima ya Marekani, na kwa muda mfupi, ni kwamba palikuwapo mamia ya meza zinazokutana mara kwa mara, na habari iliyosemwa katika moja huweza kufika katika nyingine zote. Mwaka 1939 wanachama wa Detroit wakaanzisha shule ya kuwafunza mbwa wa kuwaongoza vipofu, na mwaka 1990 chama kikaanza mpango wake mkubwa uitwao SightFirst, wa kutibu mtoto wa jicho na kupambana na magonjwa ya upofu katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo.

Lipo doa katika habari hii, nami sitalifunika. Mwanamke aliyewapa Lions kazi yao kuu aliwahutubia watu ambao sheria yao haikumruhusu mwanamke kuwa mwanachama kama wao. Walimpigia makofi, wakatii alichowaambia, na mlango wakauacha umefungwa kwa miaka 62. Rotary nao walikuwa vivyo hivyo. Chama cha Duarte, California, kilipowaingiza wanawake watatu mwaka 1977 kilifukuzwa mwaka uliofuata, na ilipasa kesi iende hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo tarehe 4 Mei 1987 iliamua kuwa wanawake hawawezi kuzuiwa. Lions wakaifuta sheria yao katika mwaka huo huo. Mgeni akiweza kukuponya lakini hawezi kukaa mezani kwako, hapo kuna ugonjwa uliobaki, na nusu karne na zaidi ni muda mrefu mno wa kuuguza.

Kwetu Afrika ya Mashariki desturi hii iliingia Nairobi mwaka 1930, katika enzi ya ukoloni, na Kampala ikapata chama cha Rotary mwaka 1957. Haikuikuta ardhi tupu. Pwani yetu ilikuwa na baraza zake, saruji au mbao mbele ya nyumba, ambapo wanaume walikutana baada ya swala ya alasiri kwa kahawa na halua, na mgeni aliyepita aliitwa akae aeleze aliyoyaona. Tofauti ni mbili. Ya kwanza, baraza haina saa, na mgeni wa baraza husema mpaka atakapokwisha. Ya pili, baraza haina daftari wala mweka hazina, na habari ya kusikitisha iliyosemwa hapo huweza kuliliwa na kila mtu kisha kila mtu akaenda kwake. Mezani kwa vyama hivi baada ya mgeni huja swali la katibu, la nani atafanya nini na kwa fedha kiasi gani. Nimeipenda baraza tangu utotoni, lakini nakiri kuwa swali lile la katibu ndilo upungufu wetu.

Matunda yake tunayaona hapa hapa. Hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho, Nairobi, kwa nasaba yake inarudi mpaka zile dakika chache za Cedar Point. Vita vya Rotary dhidi ya ugonjwa wa kupooza kwa watoto, vilivyoanzia Ufilipino mwaka 1979 na kupanuliwa dunia nzima mwaka 1985, vilisukumwa mezani na wageni wale wale, daktari na muuguzi na mtu mwenye magongo, wiki baada ya wiki, mpaka tarehe 25 Agosti 2020 ilipotangazwa kuwa virusi vya asili vya ugonjwa huo vimetoweka Afrika. Na Uganda, iliyoanza na meza moja mwaka 1957, ilimtoa Sam Owori wa Kampala akateuliwa kuwa rais wa Rotary ya dunia kwa mwaka 2018 hadi 2019, ingawa mauti yalimkuta Julai 2017 kabla ya kukalia kiti chake.

Nami nimepata kualikwa katika mojawapo ya meza hizi, siitaji ni ipi, siku ambayo mgeni alikuwa mama mtu mzima anayewalea watoto wasioweza kuzungumza. Alikuja na karatasi zake amezikunja vizuri. Kwanza zikasomwa salamu, kisha matangazo ya mchezo wa gofu, kisha wakakaribishwa waliotembelea, kisha zikatozwa faini, na alipoitwa zilikuwa zimebaki dakika saba, na watu wanne walikuwa wamekwisha tazama saa zao na kusogeza viti. Akazikunjua karatasi, akazitazama, akazikunja tena, akasema asanteni kwa chakula na kwamba watoto wake wanahitaji mwalimu mmoja zaidi. Akapewa cheti cha shukrani na kalamu. Siku ile niliona haya kwa ajili yetu sote tuliokuwa pale, maana Allen na Keller walikuwa wamesimama mahali kama pale, na laiti wangalipewa dakika saba baada ya gofu, sijui ni watoto wangapi wangalibaki vyumba vya nyuma.

Kwa hiyo nawaomba makatibu na kamati za programu za vyama hivi, Mombasa na Nairobi, Dar es Salaam, Arusha, Kampala na kwingineko: mwiteni mgeni aliye na jambo lenyewe, mama wa mtoto na si msemaji wa wizara, kipofu na si muuza miwani. Mwekeni mbele ya matangazo, wakati masikio yangali na nafasi. Mpeni dakika zake 20 zote bila ya kupungua hata moja, na gofu isubiri mwisho, kwa watakaokuwa wamebaki.